Begi la Nyuma ya Mlango

Nyuma ya mlango wa jikoni kwetu, Kashai, kuna msumari wa inchi nne ambao miaka yote ulikuwa wa mwavuli. Mtu wa Bukoba hahitaji kuelezwa kwa nini mwavuli ukae karibu na mlango: mvua ya ziwani haipigi hodi, na asubuhi ya jua kali inaweza kuzaa mchana wa matope. Mwezi huu mwavuli umehamia pembeni mwa kabati, na kwenye msumari sasa kuna begi la shule la mwanangu wa kwanza, la bluu, ambalo fundi alilibadilishia zipu na kulishonea upya mikanda. Ndani hamna daftari hata moja. Kila nikipita kwenda kuchota maji bega langu huligusa, nalo huyumba mara mbili, mara tatu, kisha hutulia. Nami husimama kuliangalia mpaka litulie. Sisi tuliokuwa Bukoba mwaka 2016 hatukiangalii kitu kinachoning'inia kwa jicho la watu wengine. Taa ikiyumba darini, kwanza tunatafuta upepo. Tukiukosa, tunatafuta watoto.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba, saa tisa na dakika 27 alasiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikimenya ndizi. Kwanza ulikuja mngurumo, kama wa lori la mizigo linalopanda kilima, halafu ardhi yenyewe ikawa lori. Baadaye wataalamu walisema ukubwa wa tetemeko lile ulikuwa 5.9, na kwamba chanzo kilikuwa kama kilomita 40 chini ya ardhi, upande wa mpaka wetu na Uganda. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, mamia wakajeruhiwa, nyumba kwa maelfu zikapasuka au kulala chini. Hamugembe kulikuwa na vilio na vumbi. Sekondari za Ihungo na Nyakato, walikosoma baba zetu na wajomba zetu, zikabaki na kuta zisizoaminika. Hayo yote yameandikwa. Ninachokumbuka mimi ni mikono. Tulipokusanyika barabarani kila mtu alijikuta ameshika kitu, na kila mtu alikitazama kana kwamba amepewa na mgeni. Jirani yetu fundi seremala alikuwa na rimoti ya televisheni. Mwanafunzi aliyepanga nyumba ya pili alikuwa na pasi, waya wake ukiburuta mavumbini. Mimi nilikuwa na kisu na ndizi moja, nusu imemenywa. Mwanangu wa miaka miwili, aliyekuwa amelala chumba cha ndani, alitolewa na dada yake wa miaka tisa, ambaye mikono yake ilijua la kufanya kuliko yangu. Mpaka leo sijamaliza kulifikiria jambo hilo. Hofu haina muda wa kuchagua, inakamata kilicho jirani. Basi kama ndivyo, kazi ya siku za amani ni kuyasogeza ya maana yawe jirani.

Wanaodhani begi hili ni la kukimbia nalo ardhi ikitikisika hawajawahi kutikiswa. Tetemeko lile lilikuwa la sekunde tu. Katika sekunde hizo hakuna begi; kuna mtoto, kuna meza imara ya kuingia chini yake, kuna uwanja usio na ukuta karibu. Begi ni la usiku unaofuata. Usiku ule mtaa mzima tulilala nje, chini ya maturubai na mashuka, kwa sababu ardhi iliendelea kushtukashtuka na kila ukuta ulikuwa mtuhumiwa. Ilipofika saa nne baridi ya ziwa ikapanda. Hatua ishirini kutoka tulipolala zilikuwepo nyumba zetu zenye mablanketi, maji yaliyochemshwa, tochi, maziwa ya watoto, na hakuna aliyethubutu kuingia. Tulikuwa maskini kwa hatua ishirini. Bibi mmoja wa jirani ana presha. Vidonge vyake vilikuwa juu ya kabati la vyombo, vikionekana dirishani kwa mwanga wa simu. Kijana wake akaingia kuvifuata. Tulinyamaza wote, tukawa kama tunapumua kwa zamu, mpaka akatoka. Nilimwona bibi yule akivimeza vidonge viwili ambavyo mwanawe alivinunua kwa kuiweka roho yake chini ya paa lililopasuka, nikawaza kwamba vingeweza kuwa vimening'inia kwenye msumari.

Nilipoanza kulipanga begi niliona aibu, kama mtu anayeiga mambo ya nchi za mbali ambako serikali huwatumia watu orodha na kuwaambia wajiandae. Kisha nikakumbuka kwamba nimeshafunga begi la namna hii mara tatu maishani, na kwamba wanawake wa nchi hii wanalifunga kila siku. Kila aliyehudhuria kliniki anamkumbuka muuguzi aliyemwambia, mimba ikikaribia, aanze kuweka pembeni: kanga safi, glavu, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, pamba, nguo za mtoto, nauli ya usiku. Begi lile hukaa chini ya kitanda au nyuma ya mlango wiki kadhaa, na hakuna anayeliita uchuro. Mama anajua uchungu utakuja. Asichojua ni siku na saa, na kama mvua itakuwa inanyesha, na kama bodaboda atapokea simu. Hakuna ajuaye uzazi ambaye atamcheka kwa kujiandaa. Sasa nikiutazama mkoa wetu, naona umekaa juu ya ardhi yenye mimba. Huku magharibi mwa nchi tupo ukingoni mwa Bonde la Ufa, na ardhi inayonyooshwa taratibu hutafuta siku ya kujinyoosha yenyewe. Mto Kanoni unaokatiza mji wa Bukoba huvimba masika yakizidi na kuingia vyumbani mwa watu usiku. Na mwaka 2023, tarehe 21 Machi, tulitangaziwa ugonjwa wa Marburg ulioanza kuua Bukoba Vijijini, na watu waliomgusa mgonjwa wakatakiwa kufuatiliwa siku 21. Kwao safari ilikuwa ya kutokwenda popote, nayo ilihitaji sabuni, chakula na dawa za siku 21.

Mama yangu alikuja kutoka Kamachumu kututembelea, akalikuta begi kwenye msumari. Aliligusa kama mtu anayegusa paji la uso wa mgonjwa. "Mwanangu, unaiitia nyumba yako nini?" Nikamweleza. Akasema neno moja tu, uchuro, akaenda kukaa uani. Siwezi kusema alikosea kuogopa. Tumelelewa kuamini kwamba kitu kikiandaliwa kinaitwa, kwamba ukishona sanda mapema umeipa mauti anwani. Hata hivyo huyu huyu mama yangu analo gome la mti lililopondwa likawa nguo, lubugo, alilorithi kwa mama yake, amelikunja ndani ya sanduku lake kwa siku ya kuzikwa, na amenionyesha lilipo. Safari ile ameifungia mzigo bila woga. Anayoiogopa ni hii ya kubaki hai bila kitu. Ninapomfikiria naona kwamba uchuro ni jina tunalokipa kile ambacho tumewahi kukiona na hatutaki kukiona tena.

Yeye amekiona. Alizaliwa kaskazini mwa mto Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka na ndege zake kutishia mji wa Bukoba, alikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Tarehe 1 Novemba Uganda ikatangaza kwamba ardhi yote mpaka mtoni ni yake. Kabla ya hapo wakazi wa ardhi hiyo walikuwa tayari njiani, na baadaye daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti. Familia yao ilivuka mapema. Siku hiyo hakukuwa na begi. Baba yake alitanguliza ng'ombe wawili. Mama yake alibeba sufuria yenye chakula ambacho hakikuwa kimeiva, ikiwa bado ya moto, juu ya kata ya majani ya mgomba. Yeye alimbeba mdogo wake mgongoni. Na katika pindo la kanga, pale wanawake wanapofunga pesa, mama yake alimfungia maharage, kiasi cha viganja viwili, akamwambia asiyale hata wakilia njaa. Waliishi kwa ndugu upande wa Muleba mpaka vita vikaisha mwaka 1979. Maharage yakapandwa chini ya migomba ya watu, yakavunwa, yakahifadhiwa, yakapandwa tena. Waliporudi kwao mlango haukuwepo, paa halikuwepo, ng'ombe hawakuwepo. Maharage yalikuwepo. Mama husimulia hadithi hii kila msimu wa kupanda, na kila mara huishia hapo hapo, kwenye neno yalikuwepo, kama vile hakuna kingine cha kuongeza.

Wengine walivuka bila hata pindo. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama siku moja, watu wapatao robo milioni kutoka Rwanda waliingia Ngara, mkoani kwetu humu humu, kwa daraja la Rusumo. Walibeba magodoro, mikeka, madumu, watoto. Mto huo huo wa Kagera, aliouvuka mama yangu, ulikuwa ukiwaleta wengine mpaka ziwani, wasiokuwa na cha kubeba tena. Tuliacha kula samaki kwa muda. Sitaki kuligeuza jambo lile kuwa mfano wa somo lolote. Nalitaja kwa sababu haiwezekani kuandika habari ya mzigo wa kukimbilia, katika mkoa huu, ukaupita mto ule kimya.

Nililifungua begi mara kadhaa nikitoa na kurudisha. Kigezo nilichojiwekea kilikuwa kimoja: nilibebe mgongoni, nimshike mtoto wa mwisho kwa mkono mmoja na mama kwa mkono mwingine, nitoke jikoni mpaka getini bila kusimama. Hii ndiyo sababu ya begi la shule na wala si shangazi kaja, mfuko ule mkubwa wa mirabaraba unaomeza nyumba nzima na kumwachia mbebaji mkono mmoja. Siku ya kwanza nilisimama njiani mara mbili. Nikatoa albamu ya harusi, nikabakiza picha moja ya marehemu baba. Nikatoa viatu. Maji nikapunguza mpaka chupa mbili, nikaweka dumu la lita tano lililojaa chini ya msumari, atakayeweza alibebe. Blanketi likabaki, kwa sababu ya usiku ule. Tochi, redio ndogo, kiberiti ndani ya mfuko wa plastiki, sabuni, pedi, chumvi, karanga, pesa za noti ndogondogo kwa kuwa siku ya maafa hakuna mwenye chenji na mtandao wa simu huwa umelala. Na dawa. Hapa naomba nisimame. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwetu walitambuliwa mwaka 1983 hospitali ya Ndolage, Muleba. Tumezika sana huku. Kuna vibanja, yaani mashamba ya nyumbani, ambamo makaburi yalishindana na migomba, na kuna bibi waliolea wajukuu kumi. Leo watu wanaishi kwa vidonge, wanazeeka, wanaozesha mabinti, na hili ni jambo la kushukuru kila asubuhi. Lakini kopo la vidonge hivyo mara nyingi limefichwa mahali ambapo hata mwenye nyumba hajui, kwa kuogopa macho. Siku ya kukimbia, kilichofichwa sana ndicho kinachosahaulika, na dozi ikikatika mwili unalipa. Kama ni soksi, kiweke ndani ya soksi. Kama ni kopo la majani ya chai, sawa. Ila kiwe ndani ya begi.

Halafu karatasi. Sikujua kwamba sisi ni watu wa karatasi kiasi hiki mpaka nilipozitandaza zote kitandani: vyeti vya kuzaliwa vya RITA, kitambulisho cha NIDA, kadi za bima, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, na nakala ya hati ya hakimiliki ya kimila ya kibanja cha Kamachumu. Niliishika hii ya mwisho muda mrefu. Mama hatatoka kibanjani kwake, ameshaniambia. "Niende wapi, na baba yenu amelala hapa?" Kwetu maiti hawapelekwi mbali, hulala kati ya migomba, na atakayeondoka anaondoka akiwaacha. Kibanja hakiingii ndani ya begi. Hakiingii kivuli chake, wala kahawa zilizoiva kandokando ya njia, wala kichuguu ambapo watoto wote wa ukoo walijifunzia kupanda. Kinachoingia ni karatasi moja inayosema kwamba mahali pale ni pa fulani. Nikamwambia mama kwamba begi hili ni la kurudia. Mwanamke mjane asiye na karatasi akiondoka wiki mbili anaweza kukuta mpaka umesogea. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, Mwanza, Jaji Mwalusanya alitamka kwamba mwanamke wa Kihaya naye anaweza kuuza shamba la ukoo alilorithi, na shamba lile la kesi alikuwa ameachiwa na baba yake kwa wosia, yaani kwa karatasi iliyotunzwa. Mama alisikiliza akitafuna kahawa. Hakujibu. Jioni nililikuta begi limeongezeka uzito. Mfukoni mwa mbele kulikuwa na kipande cha kanga kilichofungwa fundo, na ndani yake maharage, viganja viwili.

Tuna methali isemayo ajali haina kinga. Nimeisikia misibani mara nyingi mno, ikisemwa kwa upole na watu wema, na nimeanza kuiogopa kuliko ajali. Niliisikia tangu mwaka 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei karibu kabisa na kufika Mwanza, ikiwa imetoka kwetu jioni ya jana yake na kupakia tena Kemondo. Waliokufa walikuwa mamia kwa mamia, na idadi yao inabishaniwa hadi leo, kwa sababu wengi hawakuwa kwenye orodha ya abiria. Hili ndilo ninalorudi kwalo kila ninapoamka usiku. Ziwa liliwachukua, lakini hata kabla ya ziwa, karatasi ilikuwa imewaacha nchi kavu. Mtu alipanda na mikungu yake ya ndizi, akakaa juu ya mikungu hiyo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba alikuwemo. Na ndege iliyoanguka ziwani hapa Bukoba tarehe 6 Novemba 2022 ilikuwa na watu 43, tukajua ni 43, na waliokufa 19 walitajwa mmoja mmoja majina. Msiba ulikuwa mzito. Ila kila mmoja alikuwa na mahali pa kuliliwa. 

Kwa hiyo kitu cha mwisho kuingia begini kilikuwa karatasi ya majina. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa mpaka kijijini na mtaani, na ni jambo jema. Lakini kamati itaniuliza jambo moja siku hiyo: mlikuwa wangapi? Nilikaa mezani baada ya chakula, nikaandika kwa kalamu isiyofutika na maji. Jina la mama kwanza. La mume wangu, langu, la watoto watatu, kila mmoja na mwaka wake wa kuzaliwa, ugonjwa alio nao, na namba mbili za simu za ndugu walio mbali, kwa kuwa simu zetu zimezibeba namba zote na sisi hatujui hata moja kwa moyo. Nikaisoma kwa sauti. Mwanangu wa mwisho, ana miaka saba, akauliza, "Na dada?"

Dada wa kazi alikuwa anasuuza vyombo. Tumeishi naye mwaka wa tatu sasa. Alitoka moja ya visiwa vya Muleba akiwa na mfuko mmoja wa rambo, na usiku mtoto wangu akiota vibaya ni mkono wake anaoushika kwanza, kwa kuwa wanalala chumba kimoja. Nililijua jina lake moja. Sikujua la baba yake, wala la babu yake. Sikujua namba ya mtu yeyote wa kwao zaidi ya ile aliyokuwa nayo yeye kwenye simu yake ndogo. Kama Jumamosi ile ingerudi, ningesimama barabarani na kumwambia mwenyekiti wa mtaa kwamba tulikuwa sita, na wangechimbua sita, na wangeacha.

Nilimwita akaja akifuta mikono kwa kanga. Nikamwomba akae. Nikamuuliza majina yake matatu, akayataja polepole, nami nikayaandika, na mwaka wa kuzaliwa, na jina la mama yake, na namba ya duka lililo karibu na mwalo wa kwao, ambako ujumbe ukiachwa unafika. Akaomba kuisoma karatasi. Aliisoma yote, kuanzia jina la mama yangu mpaka la kwake, midomo ikicheza bila sauti, kisha akaikunja mwenyewe, akaiweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na vyeti.

Begi liko kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni. Lina kilo saba. Tupo saba.